Matusi Kutwa Mara Tatu

Niliondoka kijijini kwetu Lusu asubuhi moja bila mpango wowote. Baba alinituma Nzega kutafuta mpini wa jembe, nami nilikwenda kwa nia safi kabisa. Njiani nikakuta lori limeharibika, dereva amelala chini yake miguu ikiwa nje, nikataka kujua anatafuta nini kule. Nilimshikia spana, nikamuuliza maswali, lori likawaka. Akaniuliza kama naelekea Tabora, na papo hapo nikagundua kwamba naelekea Tabora. Mpini niliufikisha nyumbani baada ya miaka mitatu. Baba aliupokea, akaukagua, akasema ni mfupi.

Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne, kwa sababu mwalimu alichoka kujibu kabla mimi sijachoka kuuliza. Uhuru ulikuwa bado mpya na kila mtu alikuwa akitafuta pa kusimama. Mimi nilisimama kila mahali kwa muda mfupi. Nilipanga majani ya tumbaku Usoke, nilichotea maji waashi, nikafuatana na warina asali msituni mpaka nyuki waliponishauri vinginevyo. Hospitalini Tabora niliingia kwa kumsindikiza mwenzangu aliyekuwa na jipu. Yeye alitumbuliwa akaenda zake. Mimi nilibaki miaka yote mpaka nilipostaafu juzijuzi.

Nyinyi vijana wa maabara mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Vyeo vyangu viko kwenye faili, na vikae huko. Nitawaeleza kuhusu mkojo.

Siku ile ya jipu niliona mlango uko wazi, na ndani mtu anachemsha kitu cha buluu juu ya taa ya spiriti. Nikaingia. Huyo alikuwa Bwana Kanti, fundi wa maabara, Mhindi aliyezaliwa Tabora hapa hapa, mtoto wa muuza vitambaa nyuma ya soko. Alipokasirika alizungumza Kinyamwezi kizuri kuliko changu. Niliuliza hicho ni nini, kwa nini ni buluu, kwa nini anakichemsha. Alijibu la kwanza na la pili. La tatu akanipa koleo ya mbao iliyobana kibomba cha kioo.

"Kijana, ama utoke, ama ushike hii."

Nikashika. Hakuniambia kwamba mdomo wa kibomba huelekezwa mbali na mtu. Kilipochemka, kiliruka chote kikatua kifuani mwangu, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa: nikiwa na mkojo wa mtu nisiyemjua kwenye shati langu la pekee.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Dawa ya buluu kiasi cha kijiko cha chai, matone manane ya mkojo, unachemsha dakika tano, unatazama rangi. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Manjano, imezidi. Ikifika nyekundu ya tofali, unamwita daktari. Leo mna mashine inayonyonya tone la damu na kutoa namba. Sina ugomvi na mashine, ila haijawahi kunirukia, na mtu asiyerukiwa hajifunzi haraka.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa familia moja ya warina asali, watu sita, wote nyekundu ya tofali ndani ya wiki moja, hata bibi ambaye alikuwa amekuja kuwasalimia tu. Nilitangaza kwamba nimegundua ugonjwa wa ukoo. Bwana Kanti aliichukua chupa moja waliyoleta, akainusa, akanipa.

"Lamba mdomo wa chupa, Maganga. Chupa tu, mkojo uache."

Nililamba. Ilikuwa chupa ya asali, haikuoshwa. Tangu siku hiyo nilisuuza kila chupa iliyoingia Tabora, na nawashauri nanyi msuuze.

Sasa nije kwa Mwinshehe.

Mwinshehe alikuwa Mzaramo wa Maneromango, na kazi yake ilikuwa pale stesheni ya Tabora, kugeuza reli ili treni ya Mwanza isijikute inakwenda Kigoma. Alikuwa na kisukari miaka mingi kabla sijamjua. Kila asubuhi mkewe, Bi Tatu, alimchoma sindano ya kioo iliyochemshwa sufuriani, sindano ambayo ncha yake ilikwisha kunolewa kwenye jiwe mara nyingi. Dawa ilitokana na kongosho la ng'ombe, na waliiweka ndani ya mtungi uliofukiwa kwenye mchanga wenye maji. Kila Jumanne alikuja kwangu kupimwa.

Wageni wa nchi hii huenda hawajui ukali wa utani wetu sisi Wanyamwezi na Wazaramo. Zamani, babu zetu walibeba mizigo kutoka Unyanyembe mpaka pwani, wakafika wamechoka na wana hasira, na waliowakuta kule ni Wazaramo. Wakagombana mpaka wakachoka, halafu wakakubaliana watukanane tu milele bila mtu kukasirika. Makubaliano hayo bado yana nguvu. Mwinshehe alikuwa na umri wa baba yangu, lakini hakuna siku niliyomwamkia wala yeye hakutarajia.

"Aa, mpagazi!" alizoea kusema mlangoni. "Bado hawajakutua huo mzigo?"

"Weka mkojo hapo, mla nazi. Na leo usiwe na tui."

"Huo si mkojo, ni maji ya dafu. Onja uwe mtu wa pwani."

"Mlikaa chini ya minazi mpaka nazi zikawaangukia vichwani. Ndiyo maana ukatumwa kugeuza reli, kazi ya mkono tu."

"Bora mimi nachomwa maji ya ng'ombe kila asubuhi. Siku moja nitalia mooo pale stesheni. Wewe hukuchomwa, na tayari ni punda."

Bwana Kanti alikuwa akigonga meza. "Hapa ni maabara au ngomani?" Lakini nilimwona mara nyingi akichelewesha chai yake mpaka Mwinshehe afike.

Jumanne moja Mwinshehe alifika, vifungo vyote vya shati vimefungwa, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuposa.

"Hodi. Shikamoo, ndugu Maganga."

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilidhani ni utani wa aina mpya, wa daraja la juu, ambao Wazaramo walikuwa wameuficha tangu enzi za misafara. Sikutaka kushindwa. Nikaegemea kiti, nikakunja miguu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Shule inaendeleaje?"

"Sijambo, namshukuru Mungu. Naomba kiti, kama si usumbufu."

"Kiti cha Mzaramo ni kifuu cha nazi."

"Asante sana, ndugu," akasema, akakaa. Mahali alipokaa hapakuwa na kiti. Alishuka polepole mpaka sakafuni kama kanga inayoanguka kutoka kambani, akabaki pale akitabasamu kwa adabu. Nami nikacheka. Nalieleza hili kwa sababu mliniomba ukweli: mtu alikuwa anazama mbele yangu, na mimi nilikuwa nimeshika mbavu. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje, Wanyamwezi watupu, walichungulia wakacheka nao. Mmoja akasema Mzaramo ameokoka.

Bwana Kanti, ambaye hakuwa mtani wa mtu yeyote, alikuja akamgusa paji la uso. "Maganga, unacheka nini? Huyu mtu anakufa."

Alimwita muuguzi, akaja mbio na sindano kubwa ya glukosi. Mimi, kwa kukosa la kufanya, nilipima mkojo aliokuja nao. Buluu. Buluu safi kama sare ya shule. Dakika chache baadaye Mwinshehe alifumbua macho, akatazama dari, akatazama sakafu, akanitazama mimi.

"Nani kanikalisha chini kama mihogo ya kuuzwa? Ni wewe, punda wa Unyanyembe?"

Sijawahi kufurahi kuitwa punda kama siku ile. Nilitoka nje nikaosha uso.

Tulikuwa na daktari kijana aliyerudi masomoni si muda mrefu, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Kilichomsumbua si kwamba sukari ilishuka. Huo ulikuwa mkasa wa kawaida, mtu akichoma dawa na kuchelewa kula. Kilichomsumbua ni kwamba Mwinshehe hakutokwa jasho, hakutetemeka, hakusikia njaa. Shati lilikuwa kavu.

"Mtu mwingine sukari ikishuka, mwili unapiga kelele," alituambia, akachora kichwa cha mtu nyuma ya cheti. "Ubongo unashtuka. Mishipa ya fahamu inaleta jasho na kutetemeka. Na hapa chini ya ubongo kuna kitezi, kinaitwa pituitari. Kazi yake hapa ni kutuma wajumbe kwenye damu, homoni, kwenda kuziamsha tezi nyingine na kuliambia ini litoe akiba ya sukari. Sasa mtu aliyekaa na kisukari miaka mingi, sukari ikamshuka mara kwa mara, wajumbe huchelewa, au wanatumwa wachache, na ile kelele nayo inafifia. Mwili umezoea. Kwa nini hasa, wataalamu bado wanabishana."

"Kikubwa kiasi gani hicho kitezi?" nikauliza.

"Kama choroko."

"Kimekaa wapi hasa?"

Daktari alimtazama Bwana Kanti. Bwana Kanti akatikisa kichwa. "Atakwenda kukitafuta," alisema.

Nilikwenda. Mama Sijali, niliyekuwa nakula supu kwake sokoni, alinipa kichwa cha mbuzi nikipasue kwa shoka, akidhani namsaidia. Nilitoa ubongo kwa uangalifu, na chini yake, ndani ya kishimo cha mfupa kama kijiko kidogo, kilikuwapo. Kama choroko kweli. Mama Sijali alitaka kujua kwa nini namtazama mbuzi machoni na wateja wanasubiri. Nilimwambia huyu ndiye bosi wa tezi zote. Alisema basi bosi aingie sufuriani na wenzake. Nilimficha kwenye kizibo cha soda, nikampelekea Bwana Kanti. Bwana Kanti hakula nyama maisha yake yote. Alinifokea niondoe uchafu ule mezani kwake, kisha akautazama kwa lensi muda mrefu kuliko mimi, kisha akaenda nyumbani kuoga.

Lakini Mwinshehe hakuwa na la kucheka. Daktari alimwambia waziwazi hawezi kuendelea kugeuza reli. Hilo alilikubali mwenyewe kabla halijamaliza kutamkwa. Alikuwa mtu wa treni, aliijua treni ni kitu gani. Alichoogopa ni kuandikiwa kwamba hafai kazi yoyote, arudishwe Maneromango akakae uani na kuchungwa kama kuku mgonjwa. Na ukweli ni kwamba hata uani angeweza kuzama bila mtu kujua. Daktari alipunguza dawa na kumpangia saa za kula. Bado palihitajika kengele, maana ya kwake haikulia.

"Mpaka tupate dalili ya nje," daktari alisema. "Kitu ambacho wengine watakiona."

Bi Tatu, aliyeitwa kutoka nyumbani, alikuwa amekaa pale na kichupa cha dawa mapajani. Nilimuuliza kama kuna siku mumewe huwa mpole.

"Mwezi uliopita mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza aliniambia, 'Asante kwa chakula, mke wangu.' Nilikwenda kwa jirani kulia. Nilijua ameoa mke mwingine."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Kabla hajakila."

Tukatazamana. Hata Bwana Kanti aliacha kusafisha lensi. Nilisema kwa sauti kile ambacho wote walikuwa wanakifikiria: sukari ikimwishia, na matusi yanamwishia. Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akachukua kalamu mojawapo kati ya zile nne. Cheti kile nilikiona kwa macho yangu, kina mhuri wa hospitali. Kiliagiza mgonjwa atukanwe na mtani wake kutwa mara tatu, kabla ya kula. Akijibu vibaya, aachwe. Akijibu vizuri, apewe asali vijiko viwili mara moja, na aitwe mtu.

Asali ilikuwa wazo langu. Sukari wakati ule ilipangiwa foleni pale duka la ushirika, na katika foleni ile hata mtu mwenye afya angeweza kuzimia. Asali Tabora haikosekani.

Mwinshehe alipewa kazi ya kupiga kengele na kusimamia vibendera, na Wanyamwezi wa stesheni walipokea agizo la daktari kwa moyo mkunjufu kuliko agizo lolote walilowahi kupewa na serikali. Mkuu mpya wa stesheni, mtu wa kaskazini, alikuta wafanyakazi watatu wamemzunguka mzee na kumwita kobe wa pwani, akataka kuwafungulia mashtaka. Walimwonyesha cheti. Alikisoma mara mbili, akaenda kulala mapema. Miezi iliyofuata kengele ya matusi ilimwokoa Mwinshehe mara tatu; mara ya mwisho alimwambia mpakia mizigo, "Una hoja nzuri, ndugu," na kabla hajafunga mdomo asali ilikuwa ndani.

Kisha wakubwa wa reli wakamhamishia Kaliua, kule njia ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma, akawe msimamizi wa stoo ya mizigo. Tulimsindikiza stesheni tukipiga vigelegele. Mzaramo anakwenda kuwa mpagazi! Babu zetu wangefufuka kwa furaha. Yeye alitoa kichwa dirishani. "Angalau mimi nabebwa na treni!" Nilicheka, na treni ilipopotea nikaacha kucheka. Kaliua hapakuwa na mtu anayemjua. Mgeni akiwa na adabu, nani atamshuku? Watamsifu mpaka wamzike.

Nilimwandikia barua ya matusi ukurasa mzima. Wiki zikapita. Kisha jibu likaja, nikalifungua pale pale maabara.

"Ndugu Maganga, salamu nyingi sana. Sisi huku ni wazima, hofu ni kwako. Nakushukuru kwa barua yako nzuri. Ni mimi wako mtiifu, Mwinshehe."

Nilimpa Bwana Kanti aisome. Aliikunja, akanirudishia.

"Treni ya Kigoma iko asubuhi," alisema.

"Sijaomba ruhusa."

"Nitasema uko chooni."

"Siku tatu?"

"Nitasema ni tumbo la Kinyamwezi."

Kwa hiyo asubuhi nikaondoka kwa mara nyingine bila mpango wowote, ila safari hii nilikuwa na chupa ya asali ndani ya koti. Tulipita Usoke, nikaona mabanda ya tumbaku nilimowahi kufanya kazi, sikuyatazama mara mbili. Kila treni iliposimama nilihisi inasimama makusudi.

Tulifika Kaliua alasiri. Stoo ilikuwa upande wa pili wa jukwaa, milango wazi, na mbele yake vijana wawili wapakiaji wamekaa juu ya magunia. Mwinshehe alitoka ndani. Aliniona. Alisimama wima, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu sana Kaliua."

 Nilivuka reli bila kutazama kushoto wala kulia, nikang'oa kizibo kwa meno, nikamshika taya, nikammiminia. Na wakati huo huo, kutoka upande wa pili, mmoja wa wale vijana alikuwa amekwisha kuruka kutoka kwenye magunia na kikombe cha chai ya sukari, naye akammiminia. Mwingine alikuwa anakimbia zahanati. Mwinshehe alimeza, akapaliwa, akatema, akajitoa mikononi mwetu, asali inachuruzika kidevuni.

"Mabwege nyinyi! Ndiyo kwanza nimetoka kula ugali!"

"Umeniamkia!" nilisema. Nilikuwa karibu kulia.

"Kengele ya stesheni tunaijaribu kila Jumatatu tuone kama inalia. Na hii niliyowafundisha hawa vijana niliona niijaribu." Alifuta ndevu, akatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu mabehewa. "Inalia. Zote mbili."

"Na barua?"

"Barua aliiandika karani. Nilimwambia aweke matusi, akasema yeye ni mlokole."

Bi Tatu alitoka nyuma ya stoo, akanusa asali, akashika kiuno. "Kesho mkojo utakuwa tofali," alisema. "Na utaupima wewe, Maganga." Kisha, kwa sauti ya chini, wakati mumewe anamrudisha yule aliyekimbilia zahanati, aliniambia kwamba wiki iliyopita, kabla ya chakula, mkono wa mzee ulitetemeka kidogo na jasho likamtoka puani. Tone moja tu. Alilisema kama anayetangaza mtoto wake ametembea. Nilikumbuka ile choroko ndani ya kijiko chake cha mfupa, na kwa mara ya kwanza sikuwa na swali.

Nyumba ya wageni ya Kaliua ilikuwa imejaa wanunuzi wa tumbaku. Mwinshehe alinipeleka stoo. Kati ya masanduku, marobota na baiskeli za watu, alinitandikia jamvi juu ya magunia ya karanga, akalipigapiga lilainike.

"Lala hapa," alisema. "Mnyamwezi akikaa mbali na mizigo hapati usingizi."